Nilisema ni Sabuni

Mpendwa Mshauri Mokeira, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu watu ishirini na wawili wameshanihukumu, na nikimjumlisha mume wangu ni ishirini na watatu, na wewe sitaki uwe wa ishirini na nne.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mkisii niliyeolewa na Mkisii mwenzangu, Bwana Okari, mwalimu wa shule ya msingi, lakini maisha yetu tumeyajenga hapa Uriri, na hii nyumba ninamoandikia, kuanzia msingi mpaka mabati, imejengwa kwa mafuta ya taa. Nilianza mwaka wa 2006 na madebe mawili na faneli moja, nikipima kwa chupa ya soda, nusu chupa, robo chupa, mpaka mtoto akitumwa na kijiko ningempimia kijiko, na kwa miaka kumi na mitano sikuwahi kumpunja mtu wala kumwagia mtu, isipokuwa nilijimwagia mwenyewe kila siku, kwa sababu hakuna anayeuza mafuta ya taa asimwagikiwe. Sasa wewe huijui hiyo harufu ikiwa ya mtu. Haitoki. Nimejaribu ndimu, nimejaribu majivu, nimejaribu sabuni ya kipande nikajisugua mpaka ngozi ikachubuka, na bado nikipika ugali nauonja na mafuta ndani. Shuleni watoto wangu waliitwa watoto wa koroboi. Mume wangu kwa miaka hiyo yote alilala akiangalia ukuta, hakusema neno, lakini mgongo pia unasema.

Stima ilipofika hapa, kisha gesi, nikaona hesabu inakataa, na mwaka wa 2021 nikafunga tangi nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, misumari, waya, bawaba, mabati, na ninamshukuru Mungu linaenda. Lakini harufu nilikuwa bado nayo, au nilidhani ninayo, kwa sababu kila nikisimama karibu na mtu nilirudi nyuma hatua moja kabla yeye hajarudi.

Mwezi wa saba nilienda Homa Bay kuchukua misumari ya jumla, na hapo karibu na stendi nikamkuta msichana anaitwa Lynnet ameweka meza chini ya mwavuli, anauza chupa ndogo za kijani, manukato wanayotengeneza wenyewe na kikundi chao kwa majani wanayopanda, mchaichai, mnanaa na rosemari, hakuna kingine, na akaniambia, "Mum, weka mkono tu, kunusa ni bure." Nikaweka mkono. Mshauri, mimi si mtu wa kulia. Nilisimama pale na gunia la misumari miguuni nikalia, na yule msichana akaogopa akafikiri imeniingia machoni.

Wacha nikwambie jinsi inavyokuwa, kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia. Dakika ya kwanza ni kali, kama umefyeka nyasi asubuhi zikiwa na umande na jani likakukata kidole, inaingia puani baridi mpaka nyuma ya macho. Ikifika dakika ya kumi mnanaa umeshakwenda zake, na mchaichai unabaki peke yake, si kama chai, ni kama jani lenyewe ukilisokota, lina ndimu ndani lakini halina uchachu. Baada ya saa mbili inabaki rosemari, kavu, kama kuni nzuri ambayo haijawashwa. Na baada ya saa tatu na dakika arobaini, nimepima kwa saa ya simu mara nne, haibaki kitu, unanusa mkono wako unakuta ngozi tu. Ngozi tu, mshauri! Haina mafuta ya taa. Kumbe yalishatoka na mimi sikuwa nimeambiwa.

Chupa ni mililita mia moja. Nilikuwa najipulizia mara tatu, shingoni, kwenye leso ya mabegani, na kwenye mkoba. Na niliificha chupa ndani ya debe la misumari ya inchi nne, na hapa ndipo utaniuliza kwa nini mtu mzima anaficha manukato yake, na nitakujibu ukweli, maana nikikuficha wewe nitakuwa nimekuandikia bure. Mimi ni shemasi kanisani, Muadventista wa miaka mingi, na kuna msichana anaitwa Emmah, sasa ni mama na ni mwanachama wa kikundi chetu, ambaye mwaka wa 2019 alikuja Sabato ananukia kama saluni, amesimama mstari wa mbele wa kwaya, nami nikamshika mkono nikamtoa mbele ya watu nikampeleka kwenye mfereji wa maji nikamwambia aoshe shingo, nyumba ya Mungu si duka la urembo. Akaosha. Alirudi kola imelowa akaimba hivyo hivyo. Kwa hiyo unaelewa kwamba mimi sikuweza kusimama kanisani nikinukia mchaichai. Sabato sikujipulizia hata mara moja. Nilijipulizia siku za kazi, na Jumapili.

Sasa kikundi. Sisi ni akina mama ishirini na watatu, Wakisii na Wajaluo, na tuna sufuria tisa za matanga na harusi, tatu kati yake ni zile ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kukaa ndani na kufunikwa. Zilikuwa zinakaa stoo nyuma ya duka langu. Funguo ni mbili, moja yangu, moja ya mwenyekiti wetu Roseline, ambaye si mtu wa jana, tulianza kuuza pamoja sokoni, yeye na mboga mimi na mafuta, meza kwa meza, na mama yake alipofariki mimi ndiye niliyekoroga ugali katika hizo sufuria siku tatu mfululizo. Wiki ya makambi ya kanisa, sisi sote tukiwa kambini, sufuria zikaondoka zote tisa na vifuniko saba. Kufuli haikuvunjwa. Funguo mbili, watu wawili, lakini hesabu ya watu ikatoka mmoja, kwa sababu stoo ni yangu.

Kikao cha kwanza Roseline alisema zisiporudi tutamwita mtu wa nyuki. Pengine wewe uliko hamjui. Huku watu wanaamini kuna mganga ambaye ukiibiwa anatuma nyuki, nao wanamtafuta mwizi popote alipo, wanamtua mwilini, hawamwachi mpaka arudishe. Kila mtu amesikia habari hiyo kutoka kwa mtu aliyesikia. Mimi nilicheka nikasema sisi Waadventista leo tunaita waganga, na Roseline akasema anayeogopa nyuki anajijua.

Kikao cha pili kilikuwa Jumapili, wiki mbili baadaye, saa nane mchana, chini ya hema uwanjani pa kanisa. Siku hiyo nilijipulizia kama kawaida, mara tatu. Nilitaka niingie mahali nikiwa na harufu yangu mwenyewe, watu wakiniangalia vibaya waangalie mtu msafi. Nimekaa, maombi yamekwisha, Emmah akainua pua akasema, "Jameni kuna kitu kinanukia vizuri hapa, kama mchaichai." Wote wakaanza kunusa wakigeuka huku na huku, na alipogeuka upande wangu nikasema ni sabuni. Nilisema hivyo tu. "Ni sabuni."

Hazikupita dakika kumi. Alikuja nyuki mmoja, akaizunguka leso yangu, kisha sita, nikahesabu mpaka kumi na mmoja nikaacha kuhesabu, kwa sababu kulikuwa na sauti inakuja kutoka upande wa mikaratusi kama kinu cha posho kikiwashwa mbali, na watu wakaanza kulala chini, mtu akapiga kelele kwa Kijaluo, "kich! kich!", nyuki, nyuki, na viti vikaanguka. Wakaja wote, mshauri. Wakapita juu ya vichwa vya watu ishirini na wawili wakanitua mimi. Kwenye leso na kwenye mkoba. Mkoba ulikuwa mweusi ukawa na manyoya. Niliivua leso polepole nikaiweka juu ya mkoba nikarudi nyuma, na katika kundi lote hilo waliniuma wawili tu, mmoja sikioni na mmoja chini ya kidole gumba. Wenzangu hawakuumwa hata mmoja.

Roseline akainuka akajipangusa magoti, akaniangalia, na hakusema kwa hasira, angesema kwa hasira ningemjibu, alisema kwa huruma, akiniita binti wa Kisii kwa Kijaluo.

"Nyar Kisii, sasa sema mwenyewe ziko wapi."

Nilienda nyumbani bila mkoba.

Nyuki walikaa pale mpaka jioni wakaondoka, lakini hadithi haikuondoka, kesho yake ilikuwa imefika Awendo na ilikuwa imepata nyongeza, eti waliandika herufi mgongoni mwangu. Dukani wateja walipungua, wanaokuja wanasimama mlangoni, wananyoosha mkono kuchukua msumari kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua. Pasta alimwita Roseline akamuuliza kama kweli wameita mganga, naye akaapa mbele yake kwamba hakuna mtu aliyeenda popote, yalikuwa maneno ya kutisha tu, lakini akamalizia kwamba pengine huyo mganga husikia mwenyewe bila kuitwa. Kikundi kimenipa mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, siku kumi na sita kutoka leo, nirudishe sufuria na kukiri mbele yao, la sivyo jina langu linapelekwa baraza la kanisa kufutwa ushirika.

Jibu nililipata kwa bahati. Kuna mzee mmoja wa Lambwe, Elkanah, anafuga nyuki, hununua waya kwangu wa kutundikia mizinga. Yeye hakusimama mlangoni. Aliingia akakaa juu ya mfuko wa simiti akaniuliza siku hiyo nilikuwa nimepaka nini, na kwa sababu ni mtu wa mbali nikafukua debe nikamwonyesha chupa. Akafungua, akanusa mara moja, akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hii ndiyo sisi tunapaka ndani ya mzinga mpya kuwaita nyuki. Mchaichai wakiusikia wanajua wameitwa nyumbani. Ulijifanya mzinga." Akasema kundi likiwa limehama linatafuta pa kukaa, halihitaji mganga.

Lakini mimi siamini maneno, naamini hesabu. Nilienda Lambwe kwake asubuhi tatu, nikatundika vitambaa vitatu vya ukubwa mmoja kwenye waya, hatua ishirini kutoka mizinga, kimoja nimekipulizia mara tatu, kimoja maji matupu, kimoja nimekifua na ile sabuni ninayoogea, nikakaa robo saa kila asubuhi nikihesabu waliotua. Cha manukato siku ya kwanza arobaini na mmoja, ya pili thelathini na saba, ya tatu hamsini na wawili. Cha maji katika siku zote tatu, mmoja. Cha sabuni, watatu. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikampelekea mume wangu wakati wa chakula cha mchana, nikafikiri mwalimu ataelewa daftari.

Alisoma mpaka mwisho. Alisoma kwa makini, siwezi kumsingizia. Kisha akaliweka kando ya sahani akasema, "Mama Frankline, hizi nambari umehesabu mwenyewe. Anayeshtakiwa hajisahihishii mtihani." Nikamuuliza wewe Okari unaamini niliiba sufuria? Akasema hajasema hivyo. Akasema kama ziko mahali nimwambie, na kama haziko tununue nyingine tisa kimyakimya, tuziweke, niseme nimezipata, maana watoto wanaangaliwa barabarani na yeye ana jina shuleni.

Mshauri, miaka kumi na mitano ya mafuta ya taa mdudu hakunigusa, mbu hakunigusa, wala mwanadamu hakuniita mwizi. Mara ya kwanza maishani nimenukia vizuri nimegeuka mhalifu. Nauliza, nikubali la mume wangu, ninunue sufuria nikiri kitu ambacho sikufanya, nyumba ipate amani? Au nijitoe kikundini na kanisani kabla hawajanitoa? Na hii chupa, imebaki na mililita sitini na mbili, kila nikiiangalia natamani kuivunja na kila nikiishika nainusa kifuniko, nifanye nayo nini? Nina uchungu na watu wote na sijui nianze na nani.

Mimi,
Mama wa Vitambaa Vitatu, Uriri.

MSHAURI MOKEIRA ANAJIBU

Mama wa Vitambaa Vitatu, nimekusoma mpaka mwisho, na nimekusoma mara mbili. Pole. Pole kwa sikio na pole kwa kidole gumba, na pole zaidi kwa ule mkoba uliouacha, maana najua mwanamke wa biashara haachi mkoba wake mahali kama hajavunjika. Pole pia kwa hiyo hatua moja uliyokuwa ukirudi nyuma miaka yote. Hakuna aliyewahi kukushukuru kwa hiyo.

Sasa pole zimekwisha, tuongee.

La mume wako kwanza, kwa sababu ni fupi. Usinunue sufuria hata moja. Ukinunua tisa utakuwa umejenga ushahidi ambao hawana. Leo wana nyuki tu. Kesho watakuwa na sufuria zilizotoka kwako, na kukiri kwa kinywa chako, na hakuna daftari litakalokuosha. Hiyo amani anayoitaka Bwana Okari ni ya kwake na ya shule yake, wewe humo. Lakini katika maneno yake kuna moja ambalo ni la kweli na limekuuma ndiyo sababu hukulisikia. Anayeshtakiwa hajisahihishii mtihani. Mwalimu alisema kweli. Ulienda Lambwe peke yako, ukahesabu peke yako, ukapiga mistari peke yako, ukamwonyesha mtu mmoja mezani. Unataka mtihani usahihishwe na nani, na karatasi umeificha?

Halafu wewe mtu wa hesabu, kuna hesabu umeniandikia mwenyewe ukaipita. Roseline ameapa mbele ya pasta kwamba mganga hakuitwa. Hakuna aliyeenda kwake, hakuna aliyemwambia. Basi nani alituma nyuki? Wakisema hakuitwa, nyuki hawakutumwa. Wakisema waliwatuma, kanisa lina kesi nyingine ya kusikiliza, na si yako. Hawawezi kushika yote mawili. Ulikuwa na jibu hilo mkononi siku zote hizi na hukulitumia, na nimejiuliza kwa nini, mwanamke mkali kama wewe, na nimepata jibu katika neno moja la barua yako.

Sabuni.

Dada yangu, ulikuwa na njia rahisi ya kujiokoa siku ile ile, dakika ile ile. Roseline alipokuuliza ziko wapi, ungesema, "Ziko wapi sijui, lakini mimi nimejipulizia manukato ya mchaichai, nuseni leso." Maneno machache. Watu wangeshangaa, wangecheka, pengine mmoja anayejua mizinga angesema ni kweli. Hukusema. Na hujasema mpaka leo. Umemwonyesha chupa mzee wa Lambwe kwa sababu ni wa mbali, umeniandikia mimi kwa sababu sikujui. Wanakikundi wenzako ishirini na wawili hawajui kwamba hiyo chupa ipo. Wanajua ulinukia kitu na ukasema ni sabuni, kisha nyuki wakaja. Ningekuwa pale, sijui kama mimi pia nisingekuangalia mara mbili.

Na hukusema kwa sababu Emmah alikuwa amekaa pale. Uliona afadhali uitwe mwizi kuliko uitwe mwanamke anayejipulizia. Wizi ni shtaka la uongo, unaweza kulibeba ukiwa umeinua kichwa. Lile la pili ni la kweli, na ulishalitolea hukumu mwenyewe, mwaka wa 2019, kwenye mfereji. Ile kola iliyolowa umeikumbuka vizuri sana kwa mtu aliyefanya kazi ya shemasi tu. Umeniandikia mpaka kwamba aliimba hivyo hivyo. Mtu hakumbuki hivyo kama hajui alikosa.

Kwa hiyo nakupangia, na ufuate hivi hivi.

Umeniuliza uanze na nani. Anza na Emmah. Wiki hii, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nenda kwake na chupa, usiende na daftari. Mwambie uliyomfanyia, na mwambie ulichojificha. Usimwombe akusaidie, muombe msamaha tu, uondoke akitaka uondoke. Lakini nakukumbusha kwamba katika hema lile lote, pua iliyotambua mchaichai ilikuwa yake, na alisema kinanukia vizuri. Shahidi wako ni yule uliyemlowesha kola.

Pili, nenda kituo cha polisi uandikishe wizi wa sufuria, sufuria tisa na vifuniko saba, maana stoo ni yako na kitu kimeibiwa humo. Nimeshangaa hukuniandikia kwamba umefanya hivyo. Na wewe unauza bawaba, mama! Kufuli haikuvunjwa, sawa. Je, kuna aliyeangalia skrubu za bawaba? Mlango unaweza kung'olewa upande wa pili na kufuli ikabaki inang'aa. Angalia leo kama zina mikwaruzo mipya, na uangalie pamoja na askari, usiangalie peke yako. Tena usimnyooshee Roseline kidole kwa sababu ya ufunguo wake. Umeonja kushtakiwa kwa dalili, usimpikie mwenzako chakula hicho hicho.

Tatu, usijitoe popote. Jumapili hiyo ya mwisho, nenda. Mlete mzee Elkanah na waya wake na vitambaa vitatu, mtundike mbali na watu, upande wa ile mikaratusi, kabla kikao hakijaanza. Wewe usihesabu. Ukae chini, mikono mapajani. Mwombe Roseline ahesabu. Mwombe mume wako aandike, yeye ni mwalimu na ana jina, alete hilo jina lifanye kazi. Wakatae wakitaka, lakini wakatae mbele ya pasta. Kama siku hiyo hakuna nyuki wa kutosha, usitetemeke, mwombe Elkanah awaalike watatu kati yao waende Lambwe wakahesabu wenyewe. Ukweli hauogopi safari ya pili.

Wanataka ukiri siku hiyo. Basi kiri. Simama wakusikie mpaka mstari wa nyuma. Kiri chupa, kiri debe la misumari, kiri ule mfereji, kiri sabuni. Hayo ndiyo uliyofanya, na ukiyataja yote kwa majina yake, lile moja ambalo hukufanya litabaki limesimama peke yake na kila mtu ataliona lilivyo.

Wengine hawataamini. Nakwambia mapema usije ukaniandikia tena kwa uchungu. Kuna watakaosimama mlangoni pa duka lako mpaka mwaka ujao, na kuna uwezekano Roseline atahesabu nyuki hamsini na bado aseme mganga husikia mwenyewe. Urafiki wa meza kwa meza unaweza ukafa, na mimi sina dawa ya huo. Na Bwana Okari utamwambia kwa sauti ya kawaida, bila machozi, kwamba ulimuuliza swali la ndiyo au la, akakujibu la tatu, na kwamba bado unasubiri.

Chupa usiivunje. Miaka kumi na mitano ulinukia taa za watu wengine, ulinukia karo, ulinukia mabati. Hizo mililita sitini na mbili ni zako. Ila usijipulizie ukienda penye mizinga, wala wakati makundi ya nyuki yanahama, na mkoba uache bila kitu, mkoba hauna shida ya kunukia.

Na Sabato itakayofuata, ukifika kanisani, shingo mara moja, leso mara moja. Mtu akiinua pua akauliza ni nini hicho kinanukia, unalo neno la kumjibu, na si lile la kwanza.